Meli inakaa Maskati siku moja tu, nimpeleke mama wapi?

BintiKibokoni

Salam aleikum wenzangu. Naomba ushauri kabla sijalipa. Niko Dubai mwaka wa nne sasa, mamangu amekuja kunitembelea kutoka Mombasa na katika kuchungulia chungulia simu nikakuta ofa ya meli ya utalii, inatoka hapa Dubai, inakaa siku moja Maskati halafu inazunguka na kurudi. Mimi nilikuwa nishapanga nimpeleke Burj Khalifa na zile chemchemi zinazocheza basi yaishe, lakini aliposikia neno Maskati akaweka kikombe chini. Bibi yake alikuwa akiitaja kila kaskazi ikianza kuvuma, majahazi yakija Mombasa na tende na papa mkavu na yakirudi na boriti, na yeye mama hajapata kuiona hata siku moja.

Siku yenyewe ni Jumatano. Meli inafunga gati saa mbili asubuhi na tunatakiwa tuwe ndani saa kumi na moja na nusu jioni. Wenyewe wanauza ziara ya msikiti mkubwa na ngome na soko kwa mpigo, bei ya watu wawili niliiona nikafunga simu. Tukishuka wenyewe tutaweza? Mama ana miaka 66, magoti yanamsumbua, ngazi ndiyo kabisa hapana. Yeye anataka vitu vitatu: ubani wa kweli, haluwa, na kuona "nyumba ya Sayyid Said". Mimi nataka ule msikiti. Yote yatuingia siku moja ama nichague?

Baharia_Deki4

Dada mimi nimefanya kazi kwenye hizi meli miaka sita, upande wa jikoni, njia hiyo ya Dubai na Maskati nimeipita mpaka nimechoka kuhesabu. Ubani na haluwa weka pembeni kwanza unijibu hili: viza ya mama ya hapo Dubai ni ya kuingia mara moja au mara nyingi? Maana watu wanasahau kwamba meli ikitoka kwenda Oman wewe umetoka nchini, muhuri unagongwa, na ile viza ya kuingia mara moja imekufa hapo hapo. Unarudi bandarini na mama hana cha kuingilia. Nimeshaona mzee wa watu amekaa na begi lake kwenye kiti cha mapokezi tangu asubuhi mpaka mchana watoto wake wanahangaika na simu, sitaki nione tena. Wewe una ukaazi huna shida, ni yeye. Na ya Oman nayo waulize wenye meli kwa maandishi, wape namba ya pasi na uraia, wakujibu kabla hujalipa, sio baada.

La pili. Ukinunua ziara ya meli, basi likikwama barabarani meli inasubiri basi lake. Ukitoka mwenyewe haikusubiri, inaondoka, utaiona ikiondoka. Kwa hiyo wewe saa yako ya kurudi isiwe kumi na moja na nusu, iwe saa kumi kamili uko karibu na geti.

La tatu, bandari iko Matrah kabisa, mjini. Makontena yalihamishiwa Sohar mwaka 2014 kwa hiyo pale sasa ni za watalii na majahazi na boti za kifalme. Ila ndani ya bandari hutembei kwa miguu, kuna basi la bure linawatoa melini mpaka getini. Kuanzia getini ni juu yenu.

mla_nguru

Soko la samaki liko hapo hapo ukitoka geti, jengo jipya lile la 2017 lenye paa kama mawimbi, walilichora kampuni ya Snøhetta ya Norwei. Mama wa Mombasa akishaona nguru na jodari walivyolazwa pale hamfiki msikitini. Nimemaliza.

BiMkubwa_Seeb

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi huku Seeb tangu sabini na kitu, nimelea na kuoza huku. Kwanza mwambie mamako karibu sana, na akifika asione haya kusema Kiswahili chake, kwa sababu hapa tupo wengi, waliorudi baada ya Sultan Qaboos kushika mwaka 1970 akawaita watu wa nje warudi wajenge nchi. Madaktari, walimu, watu wa mafuta, wengi walitoka Unguja na bara. Utamkuta mtu kavaa dishdasha na kilemba unamdhania hajui chochote, ukimtaja kachori anageuka.

Sasa sikiliza nikupangie, na usinifanyie papara.

Msikiti wa Sultan Qaboos uko mbali, uko Ghubra, zaidi ya kilomita 20 kutoka Matrah. Lakini nyinyi mna bahati ni Jumatano. Wageni wanaingia asubuhi tu, saa mbili mpaka saa tano, Ijumaa hakuna. Utaniambia sisi Waislamu bibi tutaingia wakati wa sala. Ni kweli mtaingia, ila wanawake mtapelekwa musala wa wanawake, ambao ni mzuri lakini sio ule ukumbi unaouona kwenye picha. Ile taa ya mita 14 na lile zulia viko ukumbi mkubwa, na mwanamke anauona vizuri saa za wageni. Kwa hiyo msikiti uwe wa kwanza, mkitoka melini tu. Zulia lile lilifumwa na mafundi wa Irani, mita 70 kwa 60, tani 21, kazi ya miaka minne. Mamako atapiga mahesabu ya sabuni mwenyewe. Uwanja ni mpana na mawe yanapata moto, mchukulie soksi, viatu vinaachwa nje.

Mrudi Matrah saa tano na nusu hivi. Hapo sokoni mnaingia kwa mlango wa kornishi, yaani njia ya pwani. Njia kubwa ina mteremko kidogo tu, magoti yatastahimili, lakini vichochoro vya pembeni vina vingazi, msimfuate kila muuzaji. Na jueni maduka mengi yanafunga saa saba mpaka saa kumi. Siku ikiwa na meli baadhi hawafungi, wanajua mmekuja, ila wanaobaki wazi sana ni wale wa vikumbusho, sio wale unaowataka wewe.

Ubani: usinunue ule wa kwenye vifurushi vya zawadi vilivyofungwa na utepe. Nenda kwa mwenye magunia. Mwambie hojari, ndio daraja la juu, unatoka Dhofar upande wa nyuma ya milima ambako ni kukavu. Tazama rangi, mzuri ni mweupe unaoelekea kijani na unapitisha nuru ukiuinua, ule wa hudhurungi na vumbi vumbi ni wa kufukizia choo. Sisi pia tunaroweka chembe mbili tatu kwenye maji usiku tunakunywa asubuhi, huo lazima uwe hojari. Na bei ya kwanza atakayokutajia usiijibu, mwache mamako akohoe.

Kuna mlango mkubwa pale kornishi wa mtaa wa Walawati. Huo msiingie, ni makazi ya watu na wageni hawaruhusiwi. Lakini simameni kwa nje muangalie zile nyumba zenye roshani za mbao zinazotazama bahari. Mimi kila nikipita pale nahisi niko Forodhani.

Mchana nendeni Maskati yenyewe, mji wa kale, si mbali na Matrah, taksi dakika chache kwa njia ya pwani. Mtaona chetezo kikubwa cheupe juu ya kilima pale Riyam, ndio hicho hicho mnachofukizia nyumbani ila kimejengwa kama jengo. Makumbusho ya Taifa yako mkabala na kasri la Al Alam, yamefunguliwa 2016, ndani kuna baridi na viti. Kwa mtu wa magoti hapo ndipo.

Na kofia ukitaka kumnunulia babako: kofia ya Kiomani ina jina lake la Kiarabu ambalo sisi Waswahili hatulitamki mbele ya wakubwa. We sema kofia tu, watakuelewa, na watacheka kimoyomoyo.

Baharia_Deki4

Hahaha hiyo ya kofia. Jamaa yetu mmoja mgeni wa meli alituma picha kwenye grupu la familia na jina kamili, mama yake alimpigia simu usiku ule ule.

mwalimu_mstaafu_TA

Habari zenu. Kuhusu "nyumba ya Sayyid Said" ni vema mama aandaliwe mapema asije akavunjika moyo. Hilo kasri la Al Alam linalopigwa picha, lenye nguzo za bluu na dhahabu, ni la mwaka 1972, na hakuna anayeingia, mnasimama getini. Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja, na alifia baharini mwaka 1856 akiwa safarini kurudi Unguja kutoka Maskati. Amezikwa Unguja. Kwa hiyo nyumba ya Sayyid Said mama yako ameikaribia zaidi akiwa Mombasa kuliko atakavyokuwa Maskati: ni magofu ya Mtoni, nje kidogo ya mji wa Zanzibar.

Cha kumwonyesha pale ni zile ngome mbili zilizolibana lango la bahari, Jalali na Mirani, kila moja juu ya mwamba wake. Zilijengwa na Wareno miaka ya 1580, wakati ambao Fort Jesus ya kwenu ilikuwa bado, ilianza 1593. Wareno waliuchukua mji ule 1507 na wakafukuzwa 1650, kisha Waomani hao hao wakaja kuizingira Fort Jesus wakaitwaa 1698. Mtu aliyekulia Kibokoni chini ya ukuta wa Fort Jesus akisimama pale haambiwi kitu, anaona mwenyewe. Na mkitazama majabali ya ndani ya ghuba hiyo mtaona majina ya meli yameandikwa kwa rangi, mabaharia wa zamani waliopita waliacha majina ya meli zao.

chumvi_kidogo

Mimi nitapingana na bi mkubwa kwa heshima. Msikiti ni mzuri sikatai lakini hesabu: meli ifunge gati saa mbili, mpaka wakaguliwe na mpange foleni ya kushuka saa tatu hiyo, basi la getini, kutafuta taksi, kubishana bei, foleni ya magari asubuhi, mnafika saa nne na ushee. Mnaangalia nusu saa mnarudi mmeshaunguza asubuhi nzima, yaani ile saa ambayo soko liko wazi na jua halijawa kali. Mtoto anataka msikiti, mama anataka ubani. Safari ni ya nani?? Mimi ningebaki Matrah tangu asubuhi, kwa miguu pole pole, soko la samaki, kornishi, soko kubwa, chai ya karaki na mishkaki, basi. Nilienda na mzee wangu mwaka juzi, tulikaa kwenye benchi pale pwani saa nzima tunatazama majahazi na hiyo ndiyo anayoisimulia mpaka leo, sehemu nyingine hata hazitaji.

BiMkubwa_Seeb

Chumvi Kidogo hujakosea, mwanangu. Ila ukishafika Maskati hujaona msikiti ule, utaulizwa msibani na harusini mpaka uchoke.

kibe_wa_southB

Manze hii thread imenifanya nitafute bei za meli saa saba usiku na mimi sina hata passport. Swali dogo, pesa? Riali moja ni ngapi?

Baharia_Deki4

Riali moja ni kama dola 2 na senti 60, dirham 9 na nusu hivi. Za Kenya ni zaidi ya shilingi 300. Kwa hiyo mtu akikwambia "tano tu" usifurahie haraka, piga hesabu. Na riali moja ina baisa 1000, noti za baisa zipo, usije ukadhani umerudishiwa mia tano ukaruka ruka. Taksi za rangi ya chungwa na nyeupe elewana bei kabla hujapanda, au tumia apu ya OTaxi mkiwa nje ya geti, bei unaiona kabisa.

Kitu kingine nilisahau. Saa. Oman na Dubai saa ni moja, lakini simu ya mama kama ina laini ya Kenya na haijabadilishwa iko nyuma saa moja. Na matangazo ya meli yanaandikwa 17:30, sio saa kumi na moja na nusu. Tafadhali mtumie saa MOJA, ya meli.

BintiKibokoni

Jamani Mungu awalipe. Kumbe viza ya mama ni ya mara moja!! Nimepigia wakala akaniambia "si uliniambia anakuja kukaa tu". Nimeanza kuhangaikia ya mara nyingi, ikitoka nalipa meli, isipotoka ni Burj Khalifa. Nitawaletea habari.

BintiKibokoni

(wiki tano baadaye) Tumerudi! Samahani kwa kimya, nilisema nitaleta habari na deni ni deni.

Viza ilitoka siku tatu kabla. Wenye meli waliniandikia kuwa kwa Oman tuko sawa, na kushuka kwenyewe pasi iliangaliwa, kadi ya meli ikapigwa ile mashine, tukawa chini saa tatu kasoro. Chumvi Kidogo foleni uliyoisema ilikuwepo lakini mama alipewa kiti akapitishwa na wazee, mimi nikamfuata kama mkoba.

Tulienda msikitini kwanza. Dereva alikuwa Mbalushi, mtaratibu, Kiswahili hajui neno, na mama alikuwa kamwamkua "hujambo mwanangu" kwa sauti ya juu akidhani ni kiziwi. Sikwambii kule ndani. Mama alisimama chini ya ile taa akafunga mdomo, na nyinyi hammjui mamangu, hafungi mdomo. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, hili zulia hufuliwaje? Bi mkubwa ulijua.

Sasa kilichoharibu ratiba. Tulirudi Matrah kama saa tano na dakika arubaini, na kutwa nzima mama anawasalimu watu kwa Kiswahili na hakuna anayemjibu, wauzaji wengi wa kule mbele ni Wahindi na Wabangladeshi, wanamjibu kwa Kiingereza. Akaanza kuninunia, ati mlinidanganya nyinyi na simu zenu. Tukaingia duka moja la kofia ndani ndani huko, mzee kakaa kwenye kiti cha plastiki anasinzia, mama akasema kama anajisemea, "hii rangi itamchafukia." Yule mzee akafungua jicho moja. "Haichafuki, mama. Kwenu wapi?"

Basi. Hapo ndipo siku ilipoishia. Kumbe kazaliwa Pemba, Wete, na ana dada aliyeolewa Mombasa Old Town, na walipoanza kutaja majina mimi nikatafuta kiti. Likaletwa birika la kahawa, ikaletwa haluwa kwenye bakuli, saa saba ikafika akafunga mlango wa duka na sisi tuko ndani. Ubani hakuuza yeye, alimtuma kijana akaleta aina tatu kwenye karatasi, mama akauinua kwenye taa vile vile bi mkubwa ulivyosema, akakohoa, bei ikashuka bila neno. Bei ya kofia mama alikataa kupunguziwa. Mimi mpaka leo sielewi, dirham mbili atagombana nazo Deira nusu saa.

Makumbusho hatukufika. Al Alam tulipita na taksi, mama akatazama zile nguzo akasema mwalimu ana haki, hapa si penyewe. Lakini zile ngome alitaka ashuke. Alisimama kivulini ukutani akaziangalia ile moja, akaangalia ile nyingine, akasema "kumbe walitoka hapa ndio wakaja kwetu," sijui alikusudia Wareno au Waomani, sikumuuliza.

Na Baharia, kuhusu saa. Nilimwambia. Nilimwambia Dubai, nikamwambia melini, nikamwambia asubuhi ile ile. Tumekaa kwenye benchi la kornishi tunakula mishkaki simu yangu imezimika chaji, namuuliza mama saa ngapi, ananiambia kwa utulivu kabisa bado saa kumi haijafika. Saa kumi ya Nairobi!! Niligundua kwamba ilishapita zamani nilipoona watu wa meli yetu wote hawapo barabarani. Magoti yale yasiyoweza ngazi yalitembea kuniacha mimi. Tulipanda saa kumi na moja na dakika kumi.

Baharia_Deki4

Dakika ishirini kabla. Mngekuwa kwenye zile orodha tunazowekeana dau kule jikoni.

mla_nguru

Soko la samaki mlipita au hamkupita, jibu swali.

BintiKibokoni

Tulipita kwa nje mbio tukirudi, lilikuwa limeshasafishwa. Mama ameona harufu tu.

Bi mkubwa swali moja la mwisho, yule mzee alitufungia haluwa kilo mbili, mama anaondoka wiki ijayo kwenda Mombasa. Niiweke friji au itakaa hivi hivi?

BiMkubwa_Seeb

Usitie friji, itakuwa ngumu kama jiwe. Inakaa hata miezi nje bila kuharibika, samli na sukari ndiyo inayoilinda. Wewe ifunge tu vizuri uitie katikati ya nguo, na mwambie mamako asiitaje mbele ya majirani siku ya kwanza. Yule mzee wa kofia ni mrefu ana miwani? Kama ndiye, tumesoma naye.